Verlyn Arne Brekke, Aliyewalimia Kulungu (1949–2023)

Ndugu, majirani na marafiki, mliokuja leo ilhali mahindi yenu yanawangoja shambani: haya ni maisha ya Verlyn Arne Brekke, na anayeyasoma ni mdogo wake, Leland. Humu ndani Leland ataitwa Leland, kama mtu mwingine yeyote. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeamuru hivyo. Alisema, "Ukianza mimi, mimi, utaanza kujitetea." Na iko habari moja ambayo Leland aliapa kuitoa mbele yenu kabla jeneza halijashushwa, habari ya ile klova, majani ya malisho, iliyokufa mwaka 2009. Mnaikumbuka, na mnadhani mnaijua. Itafika zamu yake, maana marehemu hakuwa mtu wa kurusha mbegu kabla ya kupima udongo.

Verlyn alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1949, katika nyumba ya shamba juu ya kilima, kusini mwa Westby, jimbo la Wisconsin. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Arne Brekke na Bi Selma. Theluji ilikuwa imeziba barabara, daktari akakwama njiani, na aliyempokea mtoto ni bibi yake, ambaye uzoefu wake wote ulikuwa wa ndama. Mpaka anakufa bibi huyo alishikilia kwamba ndama wana adabu zaidi. Leland alifuata tarehe 20 Januari 1952, na tangu hapo kila koti alilovaa lilikuwa limekwisha kuvaliwa na Verlyn.

Alianza masomo mwaka 1955 katika shule ya chumba kimoja, mwendo wa maili moja na nusu kwa miguu, akahitimu sekondari ya Westby tarehe 26 Mei 1967. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti: "Verlyn hupima kila kitu mara mbili." Hakusema kama hiyo ilikuwa sifa au malalamiko. Sisi tulioishi naye tunajua ilikuwa yote mawili.

Kuanzia Septemba 1969 hadi alipostaafu Aprili 2006 aliendesha lori la maziwa, akiyakusanya shamba kwa shamba kila asubuhi na kuyapeleka kiwandani. Kwa miaka hiyo thelathini na sita, hakuna hata shehena moja ya Verlyn iliyomwagwa kwa ajili ya uchafu. Aliosha tangi mara tatu. Si mbili. Maji, sabuni, maji tena, na kila mara alifungua mipira ya kupitishia maziwa akaimwaga yote, kwa sababu alisema uchafu haukai ndani ya tangi, unakaa kwenye mipira. Shikeni neno hilo, maana ndilo lililomtesa baadaye.

Lori hilo ndilo lililompa mke. Mzee Engen wa bondeni alikuwa na ng'ombe kumi na wanane na binti mmoja, Marlys. Siku moja akamsimamisha Verlyn uani. "Kijana, kwa jirani kuna ng'ombe sitini na unamaliza kwa dakika ishirini. Kwangu unakaa saa nzima. Maziwa yangu ni mazito kiasi hicho?" Verlyn akawa mwekundu mpaka masikioni. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Juni 1972, katika kanisa hili hili, na mwaka 1975 Mungu akawapa Kristi.

Alipostaafu, Verlyn alijikuta na ekari arobaini za kilimani ambazo hazikuwa tena na ng'ombe, akaamua kuwapandia kulungu wa msituni chakula humo. Trekta kubwa haikuweza kupita kwenye njia nyembamba ya msituni ya kufikia kule. Akanunua pikipiki ya magurudumu manne iliyotumika, haro ndogo ya visahani ya kulainisha udongo, ya kukokota nyuma, kifaa cha kurushia mbegu, na tangi la galoni ishirini na tano la kunyunyizia dawa. Rola ya kukandamiza udongo aliitengeneza mwenyewe kwa bomba la kalavati alilolijaza zege. Ilikuwa nzito kuliko pikipiki, na mara ya kwanza kuteremka mlima, rola ndiyo iliyoendesha. Verlyn aliruka. Pikipiki tuliikuta kwenye mti wa mwaloni.

Mwaka wa kwanza alikosea kama wanavyokosea wote. Alirusha klova, kisha akapitisha haro juu yake, akazika kwa kina cha vidole vinne mbegu ndogo kama punje ya mchanga. Ikaota mbigili tupu. Kulungu walikatiza pale bila hata kuinamisha kichwa, wakashuka kula maharage ya Marlys. "Hongera mume wangu," Marlys akasema, "umewajengea kulungu barabara. Hoteli bado ni kwangu."

Lakini alijifunza, jamani, alijifunza! Akapima udongo, akauona mchachu, akaweka chokaa miezi sita kabla. Akapanda juu juu na kukandamiza kwa rola tu. Kufikia mwaka 2007 kilima kile kilikuwa kijani mpaka theluji ya kwanza, na majirani wakaanza kuja kuuliza. Ndipo akaanzisha darasa la Jumamosi ya mwisho ya Mei. Sisi watu wa huku si wasemaji, mnajua wenyewe, na Verlyn alikuwa mkimya hata kwa vipimo vyetu. Ila siku hiyo moja kwa mwaka, akiwa amesimama mbele ya watu na konzi ya udongo mkononi, aliongea mpaka kahawa ikapoa. Marlys alisema hakuwahi kumwona mwenye furaha hivyo, hata siku ya harusi.

Sasa zamu ya habari ile imefika.

Ijumaa, tarehe 29 Mei 2009, jioni, Leland alikuja kuazima lile tangi la kunyunyizia dawa. Alikuwa na mbigili kwenye ua wake, akachanganya dawa inayoua majani mapana, akanyunyiza, akalirudisha tangi kibandani. Hakuliosha hata mara moja. Kulikuwa na samaki wa kukaanga pale klabuni, na Leland alikuwa na njaa. Alijiambia ataliosha asubuhi, kisha asubuhi akalala.

Kesho yake Verlyn aliona maji kidogo chini ya tangi, akadhani ni yake ya kusuuzia. Mbele ya watu ishirini na watatu, wengi wenu mmekaa hapa, akatia dawa ya kuua nyasi, ile ambayo klova haiogopi, akanyunyiza shamba zima huku akiwafundisha usafi wa tangi. Siku ya kumi klova yote, nayo ni ya majani mapana, ilijikunja ikafa.

Verlyn hakumtafuta mchawi. Alijitazama mwenyewe. Alisimama hapa kanisani baada ya ibada, akasema, "Ni mimi. Sikuosha tangi," akaketi. Leland alikuwa kiti cha tatu kutoka mbele. Aliangalia viatu vyake. Mwaka uliofuata watu walipouliza habari za darasa, Verlyn akawajibu, "Asiyeosha tangi hana la kufundisha." Hakufundisha tena. Alilima peke yake, Mei baada ya Mei. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Leland ilikuwa na urefu wa miaka kumi na minne, na kila mwaka ulimzidishia woga, maana sasa angelazimika kueleza pia kwa nini hakusema mwaka jana.

Tarehe 2 Juni mwaka huu madaktari wa mjini La Crosse waliona saratani ya kongosho, imekwisha kusambaa. Verlyn akauliza swali moja tu: "Nitafika Agosti?" Alikuwa na mbegu ya kupanda.

Alifika. Jumanne, tarehe 15 Agosti, Leland alikuwa juu ya pikipiki na Verlyn ameketi pembeni kwenye kiti cha kukunja, amejifunika blanketi katika jua kali, anaamuru. "Leland! Kabla hujagusa dawa, osha hilo tangi. Usije ukaaibika kama mimi."

Leland akazima injini.

"Kaka, hukuwa wewe."

"Sikuwa mimi katika lipi?"

"Ile klova. Niliazima tangi jana yake. Sikuliosha. Ni mimi."

Verlyn alilivuta blanketi lake. "Ulikuwepo kanisani siku ile," akasema.

"Nilikuwepo."

"Nirudishe nyumbani."

Jumatano hakupokea simu. Alhamisi pia. Marlys alipoambiwa kisa, alimchapa Leland kwa taulo la jikoni, kisha akammiminia kahawa, kisha akamchapa tena. Leo tunajua kwamba Verlyn alikuwa amebakiwa na siku thelathini, na mbili kati ya hizo alizitumia kukaa kimya dhidi ya mdogo wake wa pekee. Leland hawezi kuzidai. Anazililia tu.

Ijumaa simu ililia saa kumi na mbili asubuhi. "Njoo. Mvua ni Jumapili na mbegu bado imo guniani." Wakapanda. Hawakuzungumza zaidi ya kushoto, kulia, punguza mwendo. Walipomaliza, wakakaa mezani jikoni, Verlyn akatoa hukumu.

"Kwanza, utaisema siku ya kunizika. Yote. Kanisani kwetu, pale pale niliposimama mimi. Sitaki kuzikwa na tangi chafu lisilo langu."

"Nitaisema."

"Pili, ulininyang'anya Mei kumi na nne. Utazirudisha. Jumamosi ya mwisho ya Mei utasimama kule kilimani ufundishe. Mara kumi na nne."

Leland akahesabu kwa vidole. "Kaka, nina miaka sabini na moja! Nitakuwa na themanini na tano!"

"Basi usife," Verlyn akasema, akasogeza sahani ya biskuti upande wake.

Mvua ilinyesha Jumapili kama alivyosema. Tarehe 9 Septemba tulimpandisha kilimani kwa mara ya mwisho. Klova ilikuwa imefika kwenye kifundo cha mguu, na kulungu jike alikuwa katikati na watoto wake wawili, wanakula, wala hawakukimbia. Leland aliona ndiyo nafasi. Akamuuliza, "Kaka, umenisamehe?" Verlyn hakugeuza kichwa. "Niulize baada ya darasa la kumi na nne."

Aliaga dunia nyumbani kwake, kitandani mwake, Alhamisi, tarehe 14 Septemba 2023, saa tisa na robo alasiri. Marlys alikuwa amemshika mkono wa kulia na Kristi wa kushoto.

Ameacha mjane, Marlys, mke wa miaka hamsini na mmoja. Binti yake Kristi na mumewe Dale. Wajukuu wawili, Annika na Soren. Na mdogo wake Leland. Alitanguliwa na wazazi wake, na bibi yule wa ndama. Baada ya maziko tunawakaribisha nyote kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa kwa mkate wa nyama na chapati za viazi za akina mama.

Ndugu zangu, sasa mmesikia. Verlyn Brekke aliosha tangi lake kila siku ya maisha yake. Darasa la kwanza ni Jumamosi, tarehe 25 Mei 2024, saa tatu asubuhi, kule kilimani. Njooni na viatu vya matope. Verlyn apumzike kwa amani. Mdogo wake hana ruhusa bado.