Hela ya Mafuta ya Karandinga

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka ishirini na moja, na ndio mwaka nilioanza kupigwa Dar es Salaam. Nasema Bwana asifiwe! Anayeona haya kuitikia akae, nitajiitikia mwenyewe: asifiwe sana.

Ndugu zangu, mimi sikusoma. Niliishia darasa la tatu kule Mahenge, na hilo la tatu lenyewe mwalimu alinisukuma tu. Msitegemee maneno ya kupendeza. Mchungaji amenipa nafasi nieleze nilivyofunguliwa, nami nitaeleza kilichotokea, si kile ambacho baadhi yenu mngependa kukisikia.

Nina kifafa. Mama alisema nilizaliwa nacho, shangazi akasema kilinipata baada ya surua, na wote wawili wamekufa bila kukubaliana. Kwetu si ugonjwa mgeni. Karibu kila ukoo una mtu mwenye kovu la moto, kwa sababu ukianguka huchagui pa kuangukia. Langu liko mkono huu wa kushoto. Naona mtoto yule pale mbele anashangaa. Usiogope mwanangu, halirukii mtu.

Kijijini nilikatazwa kula sahani moja na wenzangu. Nikasema, kama ni kula peke yangu, heri nikale peke yangu mahali penye hela. Nikaja Kariakoo, nikapata mkokoteni wa kukodi. Wazee wenzangu mnakumbuka: ruksa ya biashara imeingia, maduka yaliyokuwa na sabuni mbili na vumbi yakajaa vitenge, redio, saa za mkononi, mitumba imemwagwa mpaka barabarani. Mizigo tele! Mwenye nguvu alikula, na nguvu nilikuwa nazo. Kilichonitesa ni kuanguka tu.

Bidhaa zilipoingia, wezi nao waliingia. Wenye maduka wa mtaa wetu wakaanzisha mchango wa ulinzi. Nusu ilikuwa posho ya mgambo, wanaume wenye virungu na filimbi. Nusu ya pili ilikuwa mafuta ya karandinga, lile lori la polisi la kubebea watu, maana kituoni walisema lori lipo ila tangi kavu. Basi mtaa ukalijaza mafuta. Na lori likishajazwa mafuta kwa hela ya watu, likija, haliwezi kuondoka tupu. Lazima libebe mtu. Huyo mtu alikuwa nani? Mara nyingi alikuwa mimi!

Msicheke. Au chekeni, siku hizi hata mimi nacheka.

Mwizi akisikia filimbi, mara yuko Jangwani, kule bondeni. Mimi nikianguka siendi popote. Mgambo anamwona mtu kalala kando ya mzigo usio wake, povu mdomoni: mlevi huyu, au kavuta bangi, au anajifanya. Anapuliza filimbi, watu wanajaa, na hakuna wa kunishika, kwa sababu kila mtu alidhani povu la kifafa likikugusa, nawe umekipata. Kilichonigusa ni kirungu peke yake, kwa kuwa kirungu ni kirefu. Nikizinduka niko mahabusu, suruali imelowa, mbavu zinauma, sijui ni siku gani. Kosa langu? Uzururaji. Mtu ana mkokoteni na tajiri wake, ni mzururaji!

Nilienda kwenye maombezi. Waliniombea, wakakemea, wakanipiga makofi ya kutoa pepo. Nikatoka nikiwa na furaha, nikaanguka getini. Nilienda kwa mganga pia, naye akala jogoo wangu. Mwenye mkokoteni, akiniita kwa kabila langu kama mtaa mzima, akaniambia, "Mpogoro, ukiwekwa ndani mara nyingine, mkokoteni nampa mwingine." Lakini kilichoninyima usingizi si mkokoteni. Niliogopa siku nitakayoanguka nimeshika mali ya mtu, na wa kwanza kupiga kelele aseme "mwizi". Mnajua wakati ule neno hilo lilivyokuwa Kariakoo. Halikungoja hakimu.

Siku hiyo ilikuja, mchana kweupe. Nilikuwa napeleka redio dukani kwa Mzee Jayanti, Mhindi wa vitu vya umeme, mtu mkimya ambaye familia yake imekuwa pale tangu babu yake. Nikaanguka mlangoni pake na redio kifuani. Mwenye kifafa akikunja mikono, huikunjui. Watu wakavuta redio, mikono imeng'ang'ania. Kijana mmoja akasema, "Ona huyu, anaiba mpaka amelala!" Mwingine akapaza sauti: "Mwizi!" Filimbi ikalia. Halafu mtu akaita tairi la kunichomea.

Haya nilihadithiwa na waliokuwepo, maana mimi sikuwepo, nilikuwa chini.

Palikuwa na mama mmoja anayeuza vitumbua kwenye ile kona, Bi Zuhura, mzaliwa wa pale pale, Mwislamu wa pwani. Mwili mdogo, mdomo mkubwa. Aliacha chungu chake, akaja, akavua kanga yake ya juu akanifunika kuanzia kiunoni, kisha akasimama mbele yangu.

Mkuu wa mgambo tulimwita Sajini, ingawa jeshini aliishia jikoni. Akamwambia, "Toka hapo mama, povu hilo litakuambukiza."

"Litaniambukiza nini? Uzee ninao tayari."

"Huyo ni mwizi!"

"Mwizi gani anaiba kisha analala mlangoni kwa mwenye mali? Wewe Sajini ungeiba ungelala hapo? Mwanamume mzima kajikojolea mbele za watu, na nyie badala ya kumstiri mnaita tairi. Mama zenu waliwafunza nini?"

Sajini akainua kirungu amsogeze. Bi Zuhura akageukia walikokaa wauza mboga na wauza karanga, akapiga ukelele: "Wanawake, kanga!"

Ndugu zangu, mnajua ukelele huo. Ndio unaopigwa mwanamke akishikwa na uchungu njiani. Wanawake waliacha biashara zao wakaja, kila mmoja kashika kanga yake, wakanizungushia ukuta. Pwani hii mwanamume havuki ukuta ule, hata awe amelewa. Sajini alibaki na kirungu chake kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Ndani mle ndimo nilimozindukia. Nikaona maua mekundu kila upande, nikadhani nimekufa, na kumbe mbinguni wanatundika kanga. Sauti ikaniambia, "Amka taratibu mwanangu. Mkojo usikutie haya, jua litaukausha."

Haleluya! Maisha yangu yote, watu wakiniona chini walinikimbia au walinipiga. Siku ile kwa mara ya kwanza nilistiriwa.

Karandinga lilikuja, maana mafuta yalishalipwa. Mzee Jayanti akatoka, akawaambia askari redio ni ya kwake na hakuna kilichoibwa. Lori likaondoka tupu.

Kikao cha mtaa kikaitwa barazani kwa Mzee Jayanti, balozi wa nyumba kumi akiwa mwenyekiti. Niliwekwa pembeni kama mzigo unaopiganiwa bei. Mzee Jayanti, ambaye hajawahi kusema kikaoni, akasema: "Nimelipia mafuta tangu mwanzo. Lori linakuja, linabeba Mpogoro. Mpogoro akibebwa, mzigo wangu unachelewa. Wezi wangu wapo vilevile. Sasa niambieni, nanunua ulinzi, au namlipia Mpogoro nauli ya mahabusu?"

Watu wakacheka, lakini Sajini hakucheka. "Kwa hiyo majambazi tuwazuie kwa kanga?"

"Majambazi zuia wewe," Bi Zuhura akasema. "Walioanguka niachie mimi, na hela ya mafuta iwe yao. Umewahi kuniona nakimbiza mwizi na mwiko wa vitumbua?"

Mwenye duka la viatu akasema wagonjwa ni kazi ya hospitali, yeye anachangia ulinzi. Akajibiwa na mwenzake: hospitali haiji barabarani, na wateja wa viatu wanakimbia kila filimbi ikilia. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mimi nilikuwa nahesabu vichwa. Wakisema hapana, narudi barabarani kungoja tairi la pili. Balozi akawataka wanaokubali wasimame. Mzee Jayanti alisimama wa kwanza, magoti yakimlia. Wengine wakatazamana, wakasimama mmoja mmoja. Mwenye viatu alisimama wa mwisho, akinung'unika.

Mgambo walibaki na posho yao. Hela ya mafuta ya karandinga ndiyo iliyohamishwa. Ilinunua mkokoteni mpya, godoro na turubai la kivuli. Iliwalipa Bi Zuhura na mama mwenzake mmoja, ili wakiitwa waache biashara zao bila hasara. Ilitoa nauli ya kwenda hospitali. Na likawekwa sharti: filimbi haipulizwi kwa mtu aliyelala chini.

Mgonjwa wa kwanza nilikuwa mimi. Bi Zuhura alinipeleka mwenyewe, akakaa nami foleni asubuhi nzima akiwagombeza waliotupita. Daktari akanipa vidonge, akasema nimeze kila siku hata nikijisikia mzima. Nikameza. Kuanguka kukapungua, kukapungua, mpaka nikaanza kusahau woga. Nimeanguka mara chache tangu wakati ule, na kila mara nimeamka nimefunikwa. Mahabusu sijarudi! Mungu ni mwema.

Nami ndiye niliyepewa kusukuma mkokoteni ule. Nilimbeba mjamzito. Nilimbeba mzee mgonjwa wa sukari ambaye zamani angepigwa kwa ulevi. Kuna dada mmoja alichanganyikiwa akavua nguo mbele ya maduka; miaka ya nyuma angeburutwa. Bi Zuhura alimfunika, akamwuliza, "Umekula, mwanangu?" Hakuwa amekula. Tukaanzia hapo.

Mtauliza, na wezi je? Walibaki, sitadanganya madhabahuni. Ila mgambo, walipoishiwa na wagonjwa wa kupiga, ilibidi watafute wezi wa kweli, na wengine waliwapata. Sajini alinung'unika mpaka anastaafu. Muacheni, kila mtu na ugumu wa shingo yake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wapo humu wanaotaka niseme pepo lilinitoka. Mimi nasema Mungu aliniponya, na hilo nalisema kwa sauti. Lakini alipitia kwa mama wa Kiislamu mwenye kanga, na kwa Mhindi ambaye hajawahi kukanyaga kanisani. Kama mnaona vibaya, mwulizeni Yeye kwa nini hakuwatuma nyie.

Na kama yupo humu anayeanguka kwa siri, au anamficha mtoto ndani kwa aibu, asiogope. Mtumaini Mungu, na vidonge umeze. Nifuate nje baada ya ibada, nitakusindikiza kliniki mwenyewe na foleni nitakaa. Nanyi mnaochangia ulinzi mitaani kwenu, ulizeni hela yenu inambeba nani. Kuuliza si dhambi.

Niliweka akiba, mkokoteni ukazaa mkokoteni, na leo nina nyumba Mbagala, vyumba sita, bati lote jipya. Nina fremu mbili za duka Kariakoo, moja ya kamba, moja ya magunia. Nina kirikuu moja, kile kigari cha kubebea mizigo, haidaiwi. Nina mikokoteni ya kukodisha. Nina mke mmoja na watoto wanne, wote wamelipita darasa la tatu. Nina kuku, idadi anaijua mke wangu. Jumatatu nafungua duka saa mbili.