Ruhusa ya Msafiri

Abdulhalim alikuwa akikohoa tangu basi lilipotoka Kahama. Usiku huo angeswalisha tarawehe msikitini kwao Katoro, kwa mara ya kwanza maishani, na sauti ilishakuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Chupa ya dawa ya kikohozi ilikuwa mfukoni mwake, imetulia kwa amani, maana mwenyewe alikuwa amefunga.

"Kunywa, mwanangu," alisema Bi Kausar, muuza vitenge wa Nyasubi aliyeketi kando yake. "Msafiri ameruhusiwa kula. Siku hiyo utailipa baada ya Idi."

"Mama, nimefunga siku ishirini na mbili sijakosa hata moja. Leo nifungue kwa kijiko cha dawa?"

"Haya. Ukikohoa katikati ya Alhamdu, waumini waitikie amina au wakupe pole?"

Abiria wakacheka. Wawili wa kiti cha nyuma, ambao hawakufunga, wakaacha kutafuna karanga kwa heshima ya mjadala. Abdulhalim naye akacheka, na kicheko kikazaa kikohozi kirefu mpaka machozi yakamtoka. Akasalimu amri. Akaitoa chupa, akaitikisa kama maandishi yalivyoagiza, akafungua kifuniko, akasema bismillahi.

Basi likasimama. "Katoro! Mwisho wa safari!" akaita kondakta.

Abdulhalim akarudisha kifuniko taratibu. "Mama, nimeshafika nyumbani. Mimi si msafiri tena."

"Na mgonjwa je, hakuruhusiwa?" Bi Kausar alimuuliza, akikusanya mizigo yake.

Abdulhalim akafungua kinywa amjibu. Kikohozi kikamtangulia.