Marehemu Yeslam Faraj, Aliyetunza Kiti cha Rais

Marehemu Yeslam Faraj alizaliwa Kuze tarehe 9 Machi 1951, kifungua mimba wa Mzee Faraj, mwenye duka. Wasafiri walikuwa wakimwachia babake vitu vyao. Mmoja aliacha baiskeli mpya akaenda Hija. Yeslam aliipangusa vumbi kila asubuhi, asiipande hata mara moja. Mama alilisimulia jambo hili kwa fahari. Sisi nduguze tulilisikia hadi tukachoka.

Alisoma madrasa papo hapo Kuze na sekondari hapa kisiwani, akafundisha historia, akamuoa Bi Areej mwaka 1978. Mwaka 1992 alichaguliwa mbunge, na baadaye akawa Spika. Makamu wa Rais alipojiuzulu, naye Rais yuko mahututi ng'ambo, marehemu alikaimu urais kwa wiki chache.

Tulidhani zamu yetu imefika. Kiwanja cha watoto wa Kuze kilikuwa kimenyakuliwa na tajiri mmoja, akakizungushia ukuta. Amri ya kukirudisha ilikuwa tayari mezani, yangoja sahihi tu. Bi Areej alimpigia simu.

"Bwanangu, wana watateza wapi?"

"Kiti hiki ni amana, Areej. Mwenyewe yuaja. Akija nitamwambia."

Hata kukikalia alikataa. Alifanyia kazi kwenye kiti cha wageni. Alikuwa muungwana, na uungwana wake ulituudhi mno. Baiskeli ya mtu haipandwi, sawa. Lakini nchi nayo ni ya mtu? Rais alipona, akarudi, akaambiwa. Akasema ataliangalia.

Marehemu aliugua figo kwa miaka miwili. Siku zake za mwisho alimuuliza mkewe kama ukuta ungaliko. Bi Areej alimjibu kweli, naye akalia. Alifariki Jumatatu alfajiri, nyumbani, tukamzika alasiri ile ile. Tuliagizwa tuwangoje wakubwa, hatukuwangoja.

Ameacha mjane, Bi Areej, wanawe Ghassan na Hanin, wajukuu, na mimi nduguye Sami, ninayewasomea.

Rais huyo, sasa mstaafu, yuko nasi katika hitima hii, na tunamshukuru kwa kuja. Mheshimiwa, kaka yangu alikurudishia kiti chako bila mkwaruzo. Watoto wetu wangali wanacheza njiani.

Mola amjaalie utulivu ambao sisi hatujaupata.