Dawa Mbili za Moshi

Kijiweni Majengo, birika la kahawa la Nestory lilifuka mvuke lakini mwenyewe alikuwa amesahau kumimina. Binti yake Debora, aliyerudi likizo kutoka chuo kikuu, alisimama mbele ya benchi na daftari lake. Kesho angehojiwa kwa simu kuhusu nafasi moja tu ya kwenda kusoma zaidi, naye alitaka kujipima kwanza kwa watu wasiojua kemia. Hapo alikuwa amefika hasa.

— Mitambo ya umeme wa makaa ya mawe inatoa kaboni, alisema. Moshi unapitishwa kwenye dawa ya maji, dawa inaikamata. Ukiichemsha, inaiachia, unaitumia tena. Nalinganisha dawa mbili. Moja inakamata upesi, ila kuiachisha kunakula moto mwingi, na inatafuna mabomba. Nyingine inaachia bila shida, ila kukamata ni mvivu.

— Changanya! alidakia Mahmud, dereva wa lori la kwenda Kasesya mpakani, waliyemwita Difu. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka.

— Hiyo inakataza, Difu! benchi zima lilimrukia.

— Inakataza wavivu.

— Ila kuchanganya ni kweli, baba mkubwa, Debora alicheka. Ndiko ninakoelekea.

Difu akajiweka sawa kama aliyepandishwa cheo.

— Mnahangaika bure, alisema Wilibrodi, jina la kijiweni Jembe. Sisi Wafipa tunafukia majani kwenye matuta, yanakuwa mbolea. Fukieni na moshi, muone mahindi yatakavyogonga mawingu!

— Mimi naujaza kwenye matairi, alisema Difu. Lori linapaa, forodhani wananipungia tu mkono.

Nestory alicheka, kifua kimemjaa. Binti huyu ndiye aliyekuwa akimwoshea vikombe tangu darasa la tatu!

Mwasiti, muuza dagaa aliyepanda kutoka Kipili, kando ya ziwa, asubuhi hiyo, alikuwa akisubiri kahawa.

— Samahanini. Dawa ikishaiachia hiyo kaboni, inawekwa wapi?

— Wenzetu wanaisukuma chini sana, mama, kwenye miamba.

— Si nilisema! alishangilia Jembe.

— Na hapa kwetu, wapi?

Jembe akatazama viatu vyake. Debora alipekua daftari mpaka mwisho.

— Sijui, mama, alisema Debora. Miaka miwili napima dawa, hilo sijaliandika hata mstari. Na kesho hawataacha kuniuliza.

Akachomoa kalamu, akaliandika.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Difu taratibu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemsahihisha.

Debora akainama kukusanya vikombe, kama kawaida yake.

— Viache, mwanangu, alisema Nestory. Leo naosha mimi. Wewe kasome.