Ljubinka Prokić na Vitabu Vitatu vya Linux

Na Dobrila Tatić, Chumba cha Kompyuta

Ijumaa hii, tarehe 31 Mei, Ljubinka Prokić anastaafu baada ya kukitumikia Kiwanda chetu cha Maji ya Moto kwa miaka thelathini na sita. Mhariri wa jarida aliniomba ukurasa mmoja wa heshima wenye picha na tarehe za kupandishwa vyeo. Picha hiyo hapo juu. Tarehe nitazipitia mbio mbio, maana nina kisa kimoja ambacho nimetamani kukisimulia miaka yote hii, na nikikikosa leo basi tena.

Aliajiriwa mwaka 1988 kuwa karani wa kuingiza takwimu, enzi zile kompyuta ya kiwanda ilikuwa kubwa kuliko jiko la bibi yangu. Wenzake wengi walipokwenda Ujerumani miaka ya tisini, yeye alibaki. Akawa msimamizi wa zamu, na tangu 2012 ni Mkuu wa Chumba cha Kompyuta, mahali ambapo mabomba, pampu na vali zote zinazopeleka joto kwenye nyumba za mji huu zinaongozwa. Haya, tarehe zimekwisha.

Asiyemjua kwa sura anamjua kwa sauti. Ljubinka huongea kana kwamba kila mtu yuko ng'ambo ya mto Tisa. Humwita kila mtu "mwanangu", hata Mkurugenzi Savković, ambaye amemzidi umri. Huzitukana kompyuta kwa majina ya wakwe zake. Siku ya mtakatifu wa familia yake hutuletea sufuria ya pilipili zilizojazwa nyama, na ole wake anayesema ameshiba. Mzee mmoja wa ghorofa ya nne alipiga simu mara tatu katika asubuhi moja ya Januari akilalamika kwamba nyumba yake ni barafu. Ljubinka alimhoji mpaka akagundua kwamba madirisha yote yako wazi kwa ajili ya moshi wa sigara. "Baba yangu," akamwambia, "sisi tunapasha nyumba joto. Mto Tisa hatujaupa mkataba!"

Sasa kisa chenyewe. Mwaka 2009 kiwanda kiliondoa mitambo ya zamani ya kuongozea pampu na kuweka kompyuta mpya zinazotumia mfumo wa Linux. Bodi ikatoa amri: yeyote atakayezigusa lazima awe na cheti cha mfumo huo. Chumbani tulikuwa watano: Ljubinka, Ratomir, mimi, na Zorka na Miodrag, ambao ni mke na mume. Kabla ya tarehe 15 Oktoba, siku ambayo mji mzima huweka mikono juu ya vipasha joto kuona kama tumeamka, wanne kati yetu walitakiwa wawe na cheti. Wasipofika wanne, kazi ingepewa kampuni ya Belgrade na chumba chetu kingefungwa. Na hata chumba kikipona, atakayeanguka angeteremshwa kwenye dirisha la malalamiko. Mtihani ulikuwa katika mji wa Novi Sad, wa vitendo, na tulipewa nafasi moja tu kabla ya msimu kuanza. Zorka na Miodrag walikuwa na pacha shuleni na mishahara yao yote miwili ilitoka chumba hicho hicho.

Kiwanda kilikubali kutununulia kitabu cha maandalizi, nakala tano, kitabu kimoja kwa wote. Kipi? Hapo ndipo vita vilipoanza.

Mkurugenzi alikuja na chake: kitabu kinene chenye jalada gumu, sifa zake zimejaa mgongoni, kimependekezwa na mkwewe anayefanya kazi Vienna. Ratomir alikuja na kijitabu cha maswali na majibu. Cha tatu nilikileta mimi, nimekiokota kwenye duka la vitabu karibu na stesheni. Kilikuwa cha wastani, jalada la kijani baya, na karatasi yake utadhani ya kufungia nyama.

"Hiki changu unakariri tu," alisema Ratomir. "Swali la kumi na mbili, jibu C. Swali la kumi na tatu, jibu A. Wiki mbili tumemaliza, tunakwenda kuogelea."

"Na wakikuuliza swali la kumi na nne?" Zorka akamuuliza.

"Nalo lina jibu lake, dada. Soma."

Nisimpambe Ljubinka kuliko alivyo: yeye mwenyewe alikuwa upande wa Ratomir. Alikuwa anakaribia hamsini na hakupenda kusoma hata maandishi ya kwenye pakiti ya kahawa. "Mimi sina umri wa falsafa," alisema. "Nipeni majibu, niende zangu."

Kilichombadilisha ni maji. Kila Agosti tunafanya jaribio baridi. Tunajaza mabomba yote maji yasiyo na moto, halafu mafundi wanatembea mtaa kwa mtaa wakitafuta panapovuja kabla ya baridi kali kutukamata. Mwaka ule Ljubinka alifuatana nao ili azisome zile pampu mpya. Alirudi kalowa kuanzia kifuani kwenda chini. Bomba jipya linalong'aa rangi, lililosifiwa na kila mtu, lilikuwa limemrushia maji mwilini mbele ya soko, na lile kuukuu la nyuma ya shule halikutoa hata tone. Alisimama mlangoni akichuruzika, macho yamemtoka kwa furaha.

"Vitabu vyote mezani!" akapaza sauti. "Navyo vinajazwa maji leo, kama mabomba!"

Akapanga kompyuta tatu za zamani, kila kitabu na mashine yake, kila mashine na mtu wake. Kinene akapewa Miodrag, cha maswali Ratomir, cha kijani mimi. Sheria ilikuwa moja: fanya kile ambacho kitabu kinasema, usiongeze lako. "Ukijua zaidi, jifanye mjinga," alituambia. "Ratomir, wewe usijisumbue kujifanya."

Ilikuwa asubuhi tamu kuliko zote nilizowahi kupitisha kazini. Miodrag alisoma kwa bidii historia ya mfumo, wasifu wa waanzilishi wake, na mjadala mrefu wa kwa nini faili ziitwe faili. Saa ya chakula ilifika kitabu hakijamwambia awashe mashine. Ratomir naye aliandika jibu C kama alivyoagizwa, mashine ikakataa. Akaandika tena, ikakataa tena. Kijitabu kilikuwa cha mtihani wa zamani, na amri zake nusu zilishaondolewa.

"Kompyuta hii mbovu," alisema Ratomir.

"Ndiyo, mwanangu," akajibu Ljubinka. "Na mtihani utakuwa mbovu, na Novi Sad yote mbovu. Mzima ni wewe tu!"

Mimi kitabu changu kiliniua. Sura ya tatu iliniambia nifute faili inayoiwezesha mashine kuamka, kisha niizime na kuiwasha. Nikafanya. Kioo kikawa cheusi. Nikasema moyoni, Dobrila, umeiua mali ya kiwanda. Nilipofungua ukurasa uliofuata, kitabu kilikuwa kinanielekeza hatua kwa hatua jinsi ya kuifufua. Nikazifuata. Maandishi meupe yakaanza kumiminika kwenye kioo, na mimi nikapiga ukelele uliowaleta watu wa matanuri ya kuchemshia maji mbio, wakidhani bomba limepasuka.

Mkurugenzi naye akaja. Ljubinka akamweleza, naye akakunja uso na kusema kile kinene ameshakiagiza.

"Mkurugenzi, mwanangu, kaa hapa dakika mbili."

"Sina dakika mbili, Ljubinka."

"Kaa uharibu kitu. Lini mtu aliwahi kukuruhusu kuharibu kitu hapa kiwandani?"

Akakaa. Aliiua mashine kwa raha ambayo sijaiona usoni mwake kabla wala baada ya siku ile. Mara ya kwanza kuifufua alishindwa, akavua koti. Mara ya pili mashine ikaamka, naye akasimama mikono juu, anacheka peke yake. Hapo hapo akampigia simu mwenye duka akafuta oda yake. Kisha akakumbuka cheo chake.

"Na mkianguka?"

"Kitabu nimekichagua mimi," alisema Ljubinka. "Wakianguka, lawama zilete kwangu, usiwaguse hawa."

Basi tukaanza. Ilikuwa Agosti na Septemba za wazimu. Mashine za kujifunzia, pamoja na moja tuliyoongezewa, zilikuwa nne na sisi watano, kwa hiyo Ljubinka akajipa kazi nyingine: kuharibu. Alikuja kabla yetu akiwa na kitabu cha kijani kwapani, akazivuruga mashine zote, akabadilisha maneno ya siri, akaficha faili, kisha akaketi kwenye kona na kahawa yake kutuangalia tukihangaika. Tukimlilia atupe dokezo, anaimba. Tukifaulu, anapiga makofi kuliko sisi, na kesho yake anakuja na uharibifu mbaya zaidi. Zorka alimwita shetani mwenye hereni. Hakuna kati yetu aliyejiuliza yeye anafanya mazoezi saa ngapi.

Novi Sad tulikwenda kwa gari la kiwanda, wiki moja kabla ya msimu, tukiwa na burek, andazi la jibini ambalo hakuna aliyeweza kulimeza. Nikaketi mbele ya mashine yangu ya mtihani, nikaiwasha, ikagoma. Neno la siri halijulikani. Faili ya kuiamsha haipo. Nilitamani kucheka kwa sauti, maana ulikuwa uharibifu ule ule aliotufanyia Ljubinka Jumanne iliyotangulia, na huu wa leo ulikuwa mwepesi zaidi.

Nilitoka nimefaulu. Zorka akatoka amefaulu, Miodrag amefaulu, wakakumbatiana ngazini. Ratomir akatoka na karatasi yake ameishika kwa mikono miwili, haamini. Ljubinka alikuwa wa mwisho kabisa.

"Wangapi?" akauliza kabla hajafika chini.

"Wanne, shangazi!" akapaza sauti Ratomir. "Na wewe ndiye wa tano!"

Ljubinka akarusha mkoba wake juu. Akatuvuta wote, akatubusu mara tatu tatu, akatushika mikono na kutuchezesha kolo, ngoma ya duara, katikati ya kijia cha waendao kwa miguu, mbele ya duka la dawa, watu wanatupisha na wengine wanatupigia makofi. Sijawahi kumwona mtu amefurahi namna ile. Tulipofika kwenye gari ndipo Zorka alipomwomba aione karatasi yake.

"Yangu imeanguka," alisema Ljubinka. "Twendeni tukale, nina njaa."

Tukamgeukia wote.

"Mnanitazama nini? Niliona mara moja walichoharibu. Kutengeneza ndiko kulikonishinda. Miezi miwili nimekuwa mharibifu tu!" Akacheka. Mimi nikaanza kulia, Zorka naye. "Haya, basi," akasema. "Msinililie hapa, mnaniharibia sikukuu."

Tarehe 15 Oktoba vipasha joto vya mji vilipata moto, na aliyefungua vali alikuwa Miodrag, kutoka chumba chetu. Siku hiyo hiyo Ljubinka alishuka kwenye dirisha la malalamiko kama bodi ilivyoagiza. Nilipita pale asubuhi na nilishindwa kumtazama. Yeye akanipungia mkono na kuendelea kumfokea mteja.

Bodi ilitaka nafasi yake ijazwe na mtu mwenye cheti. Hapo nitawasifu wenzangu, na mimi nimo: tulisema hatuhitaji mtu. Zamu zake tukagawana sisi wanne majira yote ya baridi. Ratomir, ambaye kwa uvivu hana mpinzani kiwandani, alichukua Jumapili zote bila kunung'unika. Saa ya chakula Ljubinka alipanda ngazi kuja kwetu, na safari hii sisi ndio tuliozivuruga mashine, yeye ndiye aliyetengeneza. Tulimtesa kisawasawa, tena bila dokezo. Ratomir ndiye aliyeimba.

Aprili alikwenda Novi Sad peke yake, kwa basi. Tulikaa tumeizunguka simu, Mkurugenzi akiwemo, akijidai amekuja kuuliza habari za pampu. Ilipoita, Zorka akainyakua na kuishika katikati yetu. Hatukusikia salamu. Tulisikia sauti ile ile ya kuvuka mto Tisa.

"Imewaka! Wanangu, imewaka, na cheti ninacho!"

Sijui nani alimwaga kahawa kwenye meza ya zamu, lakini najua Mkurugenzi alimbusu Ratomir.

Kikao cha bodi kilichofuata kilimwuliza Mkurugenzi kwa nini kiti kimoja katika Chumba cha Kompyuta kimekaa wazi miezi sita. Akajibu kwamba kiti hakikuwa wazi hata siku moja. Anayekikalia alikuwa ametoka kidogo, na sasa amerudi.

Shangazi Ljuba, Ijumaa hutoki kidogo. Unatoka moja kwa moja, na sisi wanne, ambao mpaka leo tunakula mkate wa chumba kile, tunasema ahsante mbele ya kiwanda kizima. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi na wajukuu watakaokusumbua kuliko tulivyokusumbua sisi. Kaa salama, na ishi vizuri. Kiti chako tumepewa jina la atakayekikalia kuanzia Jumatatu, na tunaahidi kumpokea kwa wema, lakini wiki ya kwanza atuvumilie tukimwita Ljuba.