Enelesi Msamala na Nyimbo za Kinuni

Mama Enelesi Msamala alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji hiki cha Kanyimbi, wilaya ya Dedza, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Lameki Msamala na marehemu Mama Sitolia. Akiwa bado anabebwa mgongoni alimsikia mama yake akimsema baba yake kwa wimbo huku akitwanga mahindi, na jioni akawaona wakila pamoja. Hapa Kanyimbi mwenye mchi mkononi ana ruhusa ya kusema, na hakuna aliyewahi kushtaki wimbo wa kinuni kwa mwenye kijiji.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapa kijijini kuanzia 1958, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1972 alipata cheti cha ualimu. Chuoni aliitwa ofisini kwa kosa la kusahihisha tangazo la mkuu wa chuo kwa kalamu nyekundu. Aliomba radhi kwa rangi ya kalamu, si kwa masahihisho.

Tarehe 16 Agosti 1975 alifunga ndoa na Bwana Weresoni Chagunda, seremala kutoka Ntcheu, ambaye kwa desturi yetu alihamia hapa kwa wakwe zake. Mungu aliwajalia watoto watatu: Thokozani, Lusungu na Mavuto.

Alifundisha kwa zaidi ya miaka ishirini, miaka ambayo mtu angeweza kulala korokoroni kwa sababu ya mzaha. Mambo yalipofunguka na vyama vingi kuruhusiwa, yeye na walimu wawili wenzake walianzisha gazeti la kila wiki lililoitwa Dzinja, yaani masika, Mei 1994. Ukurasa uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa nyimbo za kinuni. Aliziandika kama zilivyoimbwa, majina yakiwa yaleyale, na hakukata hata neno moja. Aliamini kwamba ruhusa ya kinuni inakwenda na wimbo popote uendako.

Mwezi Februari 1996 alichapa wimbo wa binamu yake, Mama Feliya Kadzuwa, juu ya Bwana Josamu Nkhwazi, mwenye mashine ya kusaga:

Josamu, mashine yako ina tumbo,
unga wetu waingia mfuko wa pembeni,
na mkeo hakufa kwa homa.

Bwana Josamu alikuwa amesikia wimbo huo kinuni mara nyingi na kuupita akicheka. Lakini yeye pia alikuja Kanyimbi kwa kuoa. Mkewe alipofariki, shemeji zake walimwachia abaki alee watoto, na mashine ilisimama kwenye ardhi yao. Walipousoma mstari wa tatu gazetini, wakiwa kazini Lilongwe, walirudi wakamtaka aondoke mara mahindi yakishavunwa, na watoto wabaki kwa mjomba wao. Bwana Josamu akafungua kesi ya kuchafuliwa jina.

Wakili wa gazeti alikuwa na matumaini. "Mama, katiba mpya inakulinda. Tutashinda."

"Inanilinda mimi," alijibu marehemu. "Josamu je?"

Hata hivyo alijiandaa kupigana, kwa kuwa aliona gazeti likiinama mara moja halitainuka tena. Aliyembadilisha ni mumewe, jikoni, wakati wa kifungua kinywa.

"Mama Thoko," Bwana Chagunda alisema, "mimi pia ni mgeni hapa. Siku ndugu zako wakisoma kwamba nimekuua, nitalala wapi?"

"Wewe utaniua na nini, na msumeno wako hauna meno?"

"Nimekuuliza swali, mwalimu."

Marehemu alikwenda kwa Mama Feliya kumuuliza mstari wa tatu aliupata wapi.

"Aa, dada! Mchi ulikuwa unataka mstari mmoja zaidi," alisema Mama Feliya. "Wimbo unaanguka ukiuacha na miwili. Nani kakutuma uuandike?"

Alikwenda hospitali, akazungumza na muuguzi aliyempokea mke wa Josamu: ilikuwa malaria, na mume ndiye aliyemleta kwa baiskeli, akisukuma kupanda kilima chote. Kisha alikwenda kwenye mashine na karai la mahindi, mbele ya wanawake wengine, akafungua mfuniko wa pembeni kwa mkono wake. Mfuko ulikuwepo, na umejaa.

Mahakamani alisema: "Mstari wa pili ni kweli, mashahidi wako nje. Kwa huo siombi radhi, hata nikifungwa. Mstari wa tatu ni uongo, na nimeuchapa mimi, si kinu."

Bwana Josamu alisimama. "Wa pili nilikuwa nauvumilia tangu zamani, mheshimiwa. Mimi nataka nyumba yangu."

Kesi iliishia hapo kwa maelewano. Kanusho lilitoka ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa zilezile za wimbo, na marehemu mwenyewe alishika mchi akaliimba hapa kijijini mbele ya shemeji wote wa Bwana Josamu. Sauti yake haikuwa nzuri, lakini walielewa. Bwana Josamu hakuhama, na mfuko wa pembeni uliondolewa. Nyimbo ziliendelea kuchapwa hadi Dzinja lilipofungwa mwaka 2009. Kila mstari uliulizwa kwanza kama ni kweli.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2017, na baadaye figo zilidhoofika. Alitibiwa Lilongwe, akaomba arudishwe nyumbani, na alifariki hapa Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Jana, wakitwanga mahindi ya nsima, ugali wetu wa leo, wanawake wakiongozwa na Mama Feliya walimwimba marehemu. Familia imeuliza kila mstari kama ambavyo angefanya. Kwamba nsima yake ilikuwa na madonge: ni kweli, wanawe watatu wameshuhudia. Kwamba alisahihisha hata Biblia ya mchungaji: ni kweli, mchungaji ametuonyesha. Kwamba alilipenda gazeti kuliko mumewe: Bwana Chagunda anakanusha, na kanusho lake tumelichapa hapa kwa herufi zilezile.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada yake Mama Getrude, binamu yake Mama Feliya, na Bwana Josamu Nkhwazi, aliyesaga unga wa wageni wote leo, mfuniko ukiwa wazi.

Alale kwa amani. Wenye mchi waendelee.