Pelagia Maduhu, Matroni Asiyeshindana na Mtu

Bi. Pelagia Maduhu, matroni wa bweni la wasichana, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025 baada ya kuitumikia shule yetu hapa Dutwa kwa miaka thelathini na miwili. Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wake kabla sijawa mfanyakazi mwenzake. Nimeambiwa nisizidishe kurasa mbili, na nimejitahidi.

Mama Pelagia alizaliwa Mkula, akaajiriwa hapa mwaka 1993 kama mpishi. Wakongwe wanasema uji wake ulikuwa na mabonge, na kwamba kuhamishiwa bwenini mwaka 2001 kulikuwa neema kwa pande zote mbili. Bwenini aling'ara. Alimjua anayelia kwa malaria na anayelia kwa mtihani wa hesabu, na hakuwahi kuwachanganyia dawa.

Mwaka 2004 alikuja mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, Mwalimu Noriko, kufundisha hisabati. Alikuwa amejifunza aikido, sanaa ya kujihami ya Kijapani, tangu utotoni, na aikido haifanyiki peke yako. Lazima awepo mtu wa kukushika na kuanguka nawe. Walimu waliombwa, wakatoa udhuru: huyu mgongo, yule goti, mwingine mke wake hatapenda. Mama Pelagia, akiwa anakaribia miaka arobaini, alijifunga kanga kiunoni akasema yuko tayari. Wakashona magodoro ya magunia, wakayajaza pamba fifi, ile ya daraja la chini, waliyopewa na wakulima wa Kasoli. Jumamosi baada ya chakula waliyatandika bwaloni. Noriko aliporudi kwao, magodoro yalibaki, na Mama akaanza kutufundisha sisi.

Tulikwenda tukitaka kujua namna ya kuwarusha watu. Muhula mzima tulijifunza kuanguka tu. Tulinung'unika, tukasema kuanguka tunakujua tangu utotoni, lakini Mama hakuwa na haraka.

Watu wa Simiyu tunapenda kushindana. Ngoma zetu zenyewe ni mashindano, na hakuna anayerudi nyumbani kabla hajajua nani kashinda. Basi Siku ya Wazazi moja mkuu wa shule wa wakati huo alitangaza kwamba matroni wake ataonyesha karate, na akaagiza matofali yapangwe uwanjani. Mama alimshukuru kwa matofali, akayatumia kukalisha bibi watatu waliokosa viti. Kisha akaonyesha kazi yake: msichana anamjia kwa nguvu zote, yeye anageuka, msichana analala chini taratibu, wanainamiana kwa heshima, wanabadilishana nafasi. Wazazi walipiga kelele kuuliza mshindi ni nani. Alipowajibu kwamba hakuna, baadhi yao waliona wamepotezewa muda wao.

Falsafa yake aliieleza kwa maneno machache. Mtu anayekukamata mkono kwa hasira ameshaleta nguvu za kuwatosha wote wawili, kwa hiyo usiongeze zako. Geuka, simama ubavuni mwake, angalia anakoangalia, mwende pamoja hadi nguvu zimwishie. Na ukimwangusha, mwili wake ni dhamana mikononi mwako, mwangalie asiumie. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Mama Pelagia alikaa na kila mtu kwa sababu hakukubali kuwa fahali wa pili.

Haya si maneno ya kupamba sherehe. Mimi ni ushahidi.

Mwaka 2009 nikiwa kidato cha tatu, nilitumwa gulioni kununua sabuni. Njiani vijana wakanizingira, wakitaka nichague mmoja wao ndipo nipite. Mchezo huo huku kwetu unaitwa chagulaga, na wengi wa rika la wazazi wetu waliuona ni ujana tu. Mmoja wao, Amoni, akanikamata mkono. Niligeuka kama nilivyofundishwa, akaenda chini. Palikuwa na jiwe. Nikawahi kuweka kiganja changu chini ya kichwa chake, jiwe likanichubua mimi. Wenzake walicheka hadi wakakaa chini, nami nikaenda zangu kununua sabuni.

Habari zilifika upesi nyumbani kwetu Kasoli, nazo zilikuwa zimenenepa njiani. Jumatatu mchana baba yangu, Mzee Maganga, aliingia shuleni na baiskeli. Alisema shule imemfanya binti yake mpiga wanaume, kwamba hakuna nyumba itakayonioa, na kwamba masomo yameishia hapo. Mkuu wa shule akamtajia sheria. Kadiri alivyoitaja, ndivyo baba alivyozidi kuling'ang'ania tranka langu. Nilijua nikitoka lile lango sirudi tena.

Ndipo Mama Pelagia akatoka bwenini. Akamsalimu kwa unyenyekevu, "Mwadila, baba," akashika mkono wa pili wa tranka. Nilidhani ameokoa jahazi. Kumbe alikuwa anambebea! Akamsaidia kulifunga kwenye keria kwa mipira, akaikaza vizuri, na baba alipoanza kukokota baiskeli, yeye akasukuma kwa nyuma. Nililia kwa uchungu. Niliona mtu niliyempenda kuliko wote pale shuleni amenitupa.

Tulikwenda hivyo hadi Kasoli, baba mbele, Mama nyuma, mimi pembeni na kamasi zangu. Baba aliilaumu shule, Mama akasukuma. Akawalaumu walimu, akawalaumu vijana wa leo, Mama akaitikia na kusukuma penye mchanga. Mbele zaidi sauti ya baba ikashuka. Akaanza kusimulia habari za dada yake, ambaye zamani alizingirwa hivyohivyo, akampiga kijana mmoja, na kesho yake ndugu za kijana wakaja na fimbo, wakamvunja mkono ambao haukunyooka tena. Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Kumbe baba hakuwa na hasira nami. Aliogopa.

Aliponyamaza, Mama akasema jambo moja tu: kwamba binti huyu aliweka mkono wake chini ya kichwa cha yule kijana. Baba akasimamisha baiskeli, akaniuliza kama ni kweli.

"Ndiyo, baba. Palikuwa na jiwe."

Akataka kuuona mkono. Akauangalia kwa muda mrefu, mchubuko ukiwa bado mbichi. Jioni ile Mama alikula ugali kwetu, akasifia ng'ombe, akalala. Asubuhi nilimkuta baba uani akilifunga tranka kwenye keria kwa mikono yake. Akatuambia tuharakishe, vipindi visije vikanipita.

Nilimaliza kidato cha nne, nikaendelea, na mwaka 2017 nikarudi hapa kama mwalimu wa jiografia. Wapo wengi waliotokea kwenye magodoro yale: mkunga, askari, wauza samaki wa Lamadi, na mmoja amekuwa mchungaji. Na tuseme kweli, Mama naye ana yake. Redio yake haijui sauti ya chini, na kumwambia apumzike ni kupoteza pumzi.

Mwaka 2022 niliolewa. Nyumba ya kunioa ilipatikana, tena baba mwenyewe ndiye aliyewasimulia wakwe habari za Amoni, akizidisha chumvi kwa fahari. Ng'ombe wa mahari walipofika, baba aliwapita mmojammoja, akamtenga mtamba mwekundu, akaagiza apelekwe Mkula, kwa akina Maduhu. Wajomba walipouliza, aliwajibu kwamba mama wa binti ana fungu lake, na binti huyu ana mama wawili.

Mtamba yule sasa ni ng'ombe kamili, ameshazaa mara moja, anamsubiri mwenyewe nyumbani.

Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wasichana wote waliopita mikononi mwako, tunakushukuru, Mama Pelagia. Wabeja sana, mayu. Nenda kanywe maziwa yako kwa amani, uishi miaka mingi yenye afya na kicheko.

Jenipha Maganga
Mwalimu wa Jiografia